Kisomaji chenye Kalamu: Miezi 18 ya Kusoma na Kuandika Pambizoni

Kazi yangu ni kuhariri miswada, na kwa miaka mingi nilikuwa na njia mbili tu za kuisoma: ama niichapishe na kuijaza alama za kalamu nyekundu, ama niikodolee macho kwenye kompyuta mpaka yaanze kuwasha. Miezi 18 iliyopita nilinunua kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki kinachokuja na kalamu yake, ambacho hapa nitakiita kisomaji, nikiwa na haja moja: niweze kuandika pambizoni mwa ukurasa bila kubeba rundo la karatasi. Haja hiyo imetimia kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, nimejifunza kwamba thamani ya kifaa hiki iko katika kusoma huku kalamu ikiwa mkononi. Kikichukuliwa kama ghala la maelezo ya kutafutwa miezi sita baadaye, bado hakijakomaa, na anayekinunua kwa ajili ya hilo la pili huenda akajutia fedha yake. Sitaji jina la kampuni iliyokitengeneza, kwa sababu mengi nitakayoyasema, mazuri na mabaya, yanatokana na teknolojia inayotumiwa na vifaa vingi vya aina hii.

Nianze na skrini, kwa kuwa mengine yote yanaiegemea. Ya kwangu ina ulalo wa inchi 10.3 na pikseli 1872 kwa 1404, yaani takribani pikseli 226 katika kila inchi. Ziko skrini kali zaidi, kama ile ya Kindle Scribe, kisomaji cha kampuni ya Amazon cha mwaka 2022, yenye pikseli 300 kwa inchi, na tofauti huonekana hasa katika herufi ndogo za tanbihi. Lakini ukali si jambo kubwa hapa. Jambo kubwa ni kwamba skrini ya wino wa kielektroniki haikurushii mwanga machoni. Ndani yake mna vidonge vidogo mno, kila kimoja kikikaribia upana wa unywele, na ndani ya kila kidonge mna majimaji yenye chembe nyeupe na chembe nyeusi zilizobeba chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukielekezwa upande mmoja, chembe nyeusi hupanda juu na doa jeusi likaonekana. Ukigeuzwa, nyeupe hupanda na nyeusi zikazama. Zikishajipanga hukaa hapo hapo bila kuhitaji umeme zaidi, ndiyo maana ukurasa hubaki ukisomeka hata betri ikiwa imekwisha kabisa. Unachokiona ni mwanga wa mahali ulipo ukigonga chembe hizo na kurudi, kama unavyogonga karatasi, na kwa hiyo jua kali la mchana, ambalo hugeuza kishikwambi cha kawaida kuwa kioo cha kujitazamia, hapa huyafanya maandishi yakolee zaidi.

Wengi hudhani kwamba kalamu ni nyongeza ya juzi juzi. Kampuni ya E Ink, iliyoanzishwa mwaka 1997 na watu waliotoka katika maabara ya chuo cha MIT nchini Marekani, ilikuwa imeingiza skrini yake katika kisomaji cha Sony mwaka 2004, na kufikia mwaka 2006 kampuni ya Uholanzi iitwayo iRex ilikwisha kuuza kisomaji cha iLiad, ambacho mtu aliweza kukiandikia kwa kalamu. Hiyo ni kabla ya Kindle ya kwanza, iliyotoka mwaka 2007. Yaani watu waliobuni vitabu vya aina hii walielewa mapema kwamba msomaji wa kweli hakai mikono mitupu. Kilichochelewa ni ufundi wa kuufanya wino uifuate ncha ya kalamu bila kusuasua, na hapo ndipo miaka ya karibuni, tangu kisomaji cha kwanza cha kampuni ya reMarkable cha mwaka 2017, mambo yalipobadilika.

Kalamu ya kisomaji changu haina betri wala haichajiwi. Chini ya skrini kuna ubao wenye nyaya zinazotoa uga wa sumaku. Ndani ya kalamu kuna koili ndogo inayouitikia uga huo na kurudisha ishara, na kwa ishara hiyo kifaa hutambua ncha ilipo, imekandamizwa kwa nguvu kiasi gani, na hata kama ingali hewani ikiukaribia ukurasa. Teknolojia hii imekuzwa na kampuni ya Wacom, na kalamu yangu hutofautisha viwango 4096 vya mkandamizo, ingawa kwa mwandiko wa kawaida sidhani kama mkono wa mtu unavihitaji hata robo yake. Faida ninayoiona kila siku ni nyingine kabisa. Kwa kuwa kalamu hutambuliwa kabla haijagusa, kifaa huacha mara moja kuusikiliza mguso wa ngozi, nawe unaweza kuulaza mkono wote juu ya ukurasa kama uulazavyo juu ya daftari, bila kiganja kuchora mistari au kufungua ukurasa usioutaka. Tena kalamu ya kampuni nyingine yenye teknolojia hiyo hiyo kwa kawaida hukubali. Niliwahi kuisahau yangu safarini, nikaazima ya mwenzangu anayechorea kwenye kishikwambi chake, nikamaliza kazi nayo.

Mkono unapoandika hausikii utelezi wa kioo. Uso wa skrini umekwaruzwa kwa makusudi, na ncha ya kalamu, iliyo laini kuliko uso huo, hutoa sauti ndogo ya mkwaruzo inayokaribia sana ile ya penseli. Ukinzani huo ndio unaouongoza mwandiko usitapanyike. Mwandiko wangu juu ya kioo cha simu huwa wa mtoto wa darasa la kwanza, ilhali hapa ni ule ule wa karatasini. Kuhusu kuchelewa kwa wino, kampuni ya reMarkable ilitangaza milisekunde 21 kwa kifaa chake cha mwaka 2020. Changu sikukipima kwa saa. Ninachoweza kusema ni kwamba niandikapo herufi kwa kasi yangu ya kawaida sioni wino ukinifuata nyuma, lakini nikivuta mstari mrefu wa kukata sentensi nzima kwa mkupuo mmoja, naiona ncha imetangulia na weusi ukiifukuzia kwa nafasi ya herufi moja hivi.

Ncha hulika. Huu ndio ushuru wa ule mkwaruzo mzuri, na kwa uandishi wangu wa saa mbili au tatu kwa siku, ncha moja hunifaa kwa takribani miezi mitatu. Dalili yake ni kwamba upande mmoja huchongoka kama kisigino cha kiatu kilicholika, na herufi za mduara zikaanza kukwama kwenye kona. Usisubiri zaidi ya hapo, maana ncha iliyobaki shina huweza kuuchubua uso wa skrini. Watengenezaji wa visomaji vya Supernote walikwepa tatizo hili kwa kutumia ncha ya kauri juu ya utando laini, yaani walibadilishana kipi kiwe kigumu na kipi kiwe laini.

Sasa niingie katika kusoma kwenyewe. Hivi karibuni nilikuwa na sura ya riwaya ambayo nilikwisha kuipitia mara mbili kwenye kompyuta. Katika aya ya tatu mhusika anatoka chumbani na kuufunga mlango nyuma yake; katika aya ya tisa, kabla hajarudi wala mtu mwingine hajapita, anaufunga tena. Kwenye kompyuta niliruka mara zote mbili. Kwenye kisomaji nilikuwa nimelizungushia duara neno «akaufunga» la kwanza kwa sababu nyingine, nikitaka kuangalia mfuatano wa nyakati za vitenzi, na jicho liliposhuka likakutana na «akaufunga» la pili, mkono ulikwisha kuanza kuchora duara jingine kabla sijafikiri. Sidai kwamba kifaa ndicho kilichoona kosa. Ninachodai ni kwamba kalamu huupunguza mwendo wa jicho ukawa mwendo wa mkono, na kwamba skrini isiyo na kitu kingine cha kubonyeza, isiyoleta ujumbe wala habari, humwacha msomaji ndani ya aya mpaka aimalize.

Mambo yote hayo mazuri yanahusu faili za PDF, ambamo kila neno limeshapigiliwa mahali pake. Lakini PDF zina kasoro yake kwenye kifaa cha ukubwa huu. Skrini ya inchi 10.3 ina upana wa milimita 157 hivi na urefu wa 209, wakati karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297. Ili ukurasa mzima uenee, lazima usinywe hadi asilimia 70 ya ukubwa wake, na hapo maandishi yaliyopangwa kwa pointi 10 huonekana kama ya pointi 7. Kijana ataweza. Mimi sikuweza zaidi ya nusu saa. Njia niliyoizoea ni kuupanga muswada upya kwenye kompyuta kabla ya kuupeleka: ukurasa wa A5, herufi za pointi 11, nafasi ya mstari mmoja na nusu, na pambizo la kulia lenye upana wa sentimita 4. Kazi hiyo huchukua dakika tano, na pambizo pana hilo ndilo linalokigeuza kifaa kutoka kitu cha kusomea tu kuwa meza ya kazi. Asiye na uwezo wa kuipanga upya faili, kwa mfano anayesoma makala za kitaaluma za safu mbili, afikirie kifaa cha inchi 13.3 na akubali uzito wake.

Kwa vitabu vya EPUB hali ni tofauti, na hapa nilipata hasara ambayo bado inaniuma. Maandishi ya EPUB hutiririka: ukiongeza ukubwa wa herufi, aya hujipanga upya na kurasa huongezeka. Niliwahi kusoma kitabu kizima cha historia kwa wiki tatu, nikiandika juu ya maandishi yenyewe, mishale, maswali, mistari inayounganisha jina la ukurasa huu na jina la aya iliyofuata. Jioni moja, macho yakiwa yamechoka, niliongeza fonti kwa kiwango kimoja. Alama zangu zote zikageuka kuwa vijialama vidogo vya mraba pembeni, kila kimoja kikihitaji kubonyezwa ili kifunguke, na mishale iliyounganisha neno na neno ikabaki imening'inia ndani ya visanduku hivyo bila neno upande wowote. Niliporudisha fonti ya awali, nyingi zilirejea mahali pake, lakini si zote. Wino wa mkono hushika mahali, na maandishi yanayotiririka hayana mahali. Watengenezaji wamejaribu kulitatua jambo hilo kwa visanduku, kwa pambizo linalofunguka, kwa vijikaratasi, na hakuna njia hata moja kati ya hizo niliyoitumia ikaniridhisha. Sasa kwenye EPUB napigia mistari tu na kukoleza maneno, kwa kuwa alama hizo zimefungwa kwenye maneno yenyewe na huhama nayo. Mawazo marefu nayaandika katika daftari la pembeni nikitaja sura.

Msomaji wa Kiswahili anayo mengine ya kujua ambayo sijayaona yakizungumzwa na wanaotathmini vifaa hivi kwa lugha nyingine. La kwanza ni kamusi. Ukibonyeza neno, kifaa hulitafuta jinsi lilivyo, au hujaribu kuondoa viambishi vya mwishoni kama inavyofaa kwa lugha za Ulaya. Kitenzi chetu hubeba mizigo yake mbele. Bonyeza «tulivyovisoma», nacho kitakwenda kulitafuta neno linaloanza na «tul», ilhali kamusi imeliweka chini ya «soma». Hata ukiweka kamusi nzuri ya Kiswahili ndani ya kifaa, itakusaidia kwa nomino na kukuangusha kwa vitenzi, na vitenzi ndivyo mtu huvitafutia maana.

La pili ni kukata maneno mwishoni mwa mstari. Kifaa hufuata lugha iliyoandikwa katika faili ya kitabu, na nimekutana na vitabu vya Kiswahili ambavyo wachapishaji wake wamevitambulisha humo kuwa ni vya Kiingereza. Matokeo yake, neno kama «hawakutushirikisha» hukatwa mahali ambapo silabi haiishi, na jicho hujikwaa kila mara. Faili isiyo na utambulisho wowote nayo hukataa kukata kabisa, na kwa kuwa maneno yetu ni marefu, mistari iliyosawazishwa pande zote mbili hubaki na mapengo meupe kama meno yaliyong'oka. Nimezima usawazishaji, nikaacha upande wa kulia uwe na ukingo usio sawa, na usomaji umetulia. Wachapishaji, nawasihi: ni neno moja tu la kurekebisha ndani ya faili, na linabadilisha kila ukurasa.

La tatu ni kugeuza mwandiko kuwa maandishi ya kompyuta. Katika orodha ya lugha za kisomaji changu Kiswahili hakimo. Nilijaribu kuchagua Kiitaliano, nikitumaini kwamba lugha ambayo maneno yake mengi huishia kwa irabu itatuvumilia. Maneno mafupi yalipita salama. «Hatujamalizana» likatoka vipande vitatu, na kila kipande kimesahihishwa kuwa kitu ambacho sikukiandika. Niliacha. Na kwa kuwa utafutaji ndani ya madaftari hutegemea utambuzi huo huo, maelezo niliyoyaandika kwa mkono kwa miezi 18 hayatafutiki. Hii ndiyo sababu kubwa ya hukumu niliyoitoa mwanzoni. Ninacho kitu kama madaftari arobaini ndani ya bamba jembamba moja, na ili kupata sentensi niliyoiandika muda mrefu uliopita, nafunua ukurasa mmoja mmoja, tena kwa mwendo wa skrini ya wino, ambao ni wa polepole kuliko kidole kinavyofunua karatasi. Nimejitengenezea fahirisi: ukurasa wa kwanza wa kila daftari nauacha wazi, na kila nikimaliza kikao naandika humo tarehe, namba ya ukurasa na maneno mawili matatu. Inasaidia, lakini ni kazi ambayo nilitumaini kifaa kingenipunguzia.

Kutoa kazi nje ya kifaa kuliniletea aibu mara moja. Nilimtumia mwandishi muswada wake uliojaa alama, naye akanijibu kwa upole akiniuliza kama nimepata nafasi ya kuusoma. Faili aliyoipata ilikuwa safi. Kifaa kilikuwa kinazihifadhi alama zangu pembeni, nje ya PDF yenyewe, na njia niliyotumia kuhamisha faili, kwa waya kwenda kwenye kompyuta, ilichukua ukurasa na kuuacha wino. Kuna amri ya kuhamisha pamoja na alama, imejificha ndani ya menyu ya pili, na tangu siku hiyo sitoi faili bila kuifungua kwanza kwenye simu nijionee.

Mengine ni madogo. Mabaki ya ukurasa uliopita hubaki kama kivuli hafifu mpaka skrini iwake nyeusi na kujisafisha, na macho huzoea ndani ya siku chache. Vifaa vyenye taa ya ndani hufaa usiku, lakini tabaka la taa huongeza mwanya mdogo kati ya ncha na wino. Ukiandika zaidi mchana, mwanya huo utauona kuliko utakavyoifurahia taa. Rangi zimefika, lakini katika skrini nyingi za aina hiyo hupatikana kwa kichujio kilichowekwa juu ya wino mweusi na mweupe, kinachouacha ukurasa mzima ukiwa na weupe uliofifia, na kwa msomaji wa maandishi matupu siioni faida. Betri ya kwangu hukaa siku kumi hivi nikiandika kila siku, na zaidi sana nikisoma tu.

Mwanafunzi anayeandika haraka darasani na kutaka kutafuta baadaye, au mtu anayehitaji picha za rangi na kurukaruka kati ya faili, atahudumiwa vizuri zaidi na kishikwambi cha kawaida. Mhariri, mfasiri, mwalimu anayesahihisha kazi ndefu, mtu anayesoma kitabu kigumu polepole na kukibishia pambizoni, hao nawaambia wanunue. Lakini kabla siku za kurudisha bidhaa hazijaisha, chukua faili yako mwenyewe ya PDF, si kitabu cha mfano kilichokuja na kifaa, uiandikie kurasa kumi kwa kasi yako ya kila siku, uihamishe, kisha uifungue kwenye simu ya mtu mwingine uone kama mwandiko wako umefika pamoja nayo.